Rangi inang'aa, breki je?

Makanya. Gari likiletwa nyumbani limeoshwa, ndugu na majirani hulizunguka. Mmoja anagonga mlango, mwingine anapiga tairi teke, wa tatu anasifia redio. Haipiti saa nzima mwenye nyumba anaingia ndani kuhesabu fedha za kikoba na za mazao, ilhali hakuna hata mmoja aliyekaa kiti cha nyuma, watakapokaa watoto, akavuta mkanda.

Kwa familia ya Makanya, gari la mkononi lina kazi nzito. Litampeleka bibi kliniki Same kwa barabara kuu iliyojaa mabasi na malori. Litapanda Suji kwenye msiba na kuteremka zile kona jioni, watu wamebanana. Kasoro inayovumilika kwenye lami ya mjini, hapa inaweza kuua.

Kagua asubuhi mapema, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Ukingoja jua la saa sita la Makanya, kila boneti ni ya moto na hutajua kitu. Likiwashwa, tazama moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, hasa ukiambatana na rejeta inayopungua maji, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuungua. Hapo jiandae kwa gharama kubwa, au rudi nyumbani. Fungua pia ea klina. Gari lililoishi kwenye vumbi la machimbo ya jasi bila kuhudumiwa hujieleza lenyewe.

Sasa kaa ndani, funga vioo, injini ikiunguruma kwa dakika moja au mbili. Ukisikia harufu ya moshi, shuka. Bomba lililotoboka, au mpira wa mlango wa nyuma uliolegea, huingiza moshi wenye hewa ya kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina rangi wala harufu, na hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtoto akilala safari nzima na kuamka akitapika, wengi hudhani ni uchovu au malaria.

Matairi yana siri iliyoandikwa wazi. Ubavuni, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama halijawa kipara. Mpira mkongwe, joto na mwendo wa barabara kuu havipatani.

Breki zijaribu kwanza polepole kwenye tambarare. Gari likivuta upande mmoja, au pedali ikizama, usiende nalo mlimani. Likifaulu, panda nalo kidogo njia ya Suji, uteremke kwa gia ndogo ukisikiliza.

Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa kuficha ubovu. Magari mengi ya Toyota na Honda yaliwahi kuitwa yarudi kwa sababu ya mifuko ya Takata, ambayo joto na unyevu wa miaka huweza kuifanya ilipuke na kurusha vipande vya chuma. Namba ya chasisi ndiyo hutumika kutambua yaliyohusika.

Fundi awe wako, si wa dalali. Na zipo kauli za kuzoea:

"Kaka, usiposhika leo, jioni linaondoka."

"Sawa ndugu yangu. Likiondoka, ni riziki ya huyo mwingine."

Namba D au E kwenye kibao huonyesha lini gari lilisajiliwa nchini, haitaji umri wake; mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Linganisha namba ya chasisi ya kadi na iliyogongwa kwenye bodi, na angalia faini za polisi kwa namba ya gari kabla hazijawa zako. Jina la kwenye kadi liwe la anayepokea fedha. Kama mwenyewe alishafariki, omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, hata kama anayeuza ni mtoto wa marehemu na mnasali pamoja. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, kisha umiliki uhamishwe TRA, kabla gari halijabeba mtu kwenda Same.