Jina la Kikoa na Anwani ya IP Inayobadilika

Mtahiniwa, ukimaliza mada hii uweze kueleza jinsi jina moja linavyoweza kuifikia kompyuta ya nyumbani ambayo anwani yake hubadilika.

Kwa nini anwani hubadilika?
Anwani ya IPv4 ina biti 32, hivyo anwani zote ni takribani bilioni 4.3 tu. Kwa kuwa hazitoshi, mtoa huduma wa intaneti humgawia mteja anwani kwa muda. Ruta ikizimwa na kuwashwa, huenda ikapewa nyingine.

Mfano
Mwenye duka la pembejeo huko Bariadi ameweka daftari la bidhaa kwenye kompyuta ya nyumbani. Akiwa Mwanza kununua mzigo, hulifungua kwa jina la kikoa chake linaloishia na .co.tz. Rekodi A ya jina hilo inaonyesha 203.0.113.25. Usiku umeme unakatika. Asubuhi ruta inapewa 203.0.113.80. Jina bado linaelekeza kwenye anwani ya zamani. Daftari halifunguki, naye hajui anunue nini.

Suluhisho: DNS badilifu
DNS ni mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani. Ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris. Ili jina lifuate anwani mpya:

1. Weka kwenye ruta au kompyuta programu ndogo inayochunguza anwani kila baada ya dakika chache.
2. Anwani ikibadilika, programu huitumia seva ya majina anwani mpya pamoja na nywila, nayo seva hurekebisha rekodi A.
3. Weka TTL fupi. TTL ni muda ambao seva nyingine huhifadhi jibu la zamani. TTL ya sekunde 86,400 ni siku nzima. Ya sekunde 300 ni dakika 5.
4. Elekeza poti husika ya ruta kwenye kompyuta hiyo, na uilinde kwa nywila imara.

Angalia mtego!
Baadhi ya watoa huduma, hasa wa simu, huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Hapo DNS badilifu pekee haisaidii, kwa sababu jina litafika kwa mtoa huduma, si kwenye ruta yako. Dalili: anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta haifanani na ile inayoonekana kwenye intaneti. Omba anwani ya umma, au tumia IPv6 yenye biti 128 ikiwa inapatikana.

Swali
Programu imerekebisha rekodi saa 2:00 asubuhi. TTL ni sekunde 3,600. Mteja aliyehifadhi jibu la zamani saa 1:50 atapata jipya lini?

Jibu
Sekunde 3,600 ni saa moja. Saa 1:50 + saa 1 = saa 2:50 asubuhi. Hesabu kuanzia jibu lilipohifadhiwa, si rekodi iliporekebishwa. Hapo ndipo alama hupotea.