Shabaha ya Gobore na Maana za Neno Kukosa

Walimu wengi wafundishapo habari ya dhambi hupenda kusema ya kuwa dhambi ni kukosa shabaha. Mfano huu una asili njema. Neno la Kiyunani hamartia latokana na tendo ambalo washairi wa kale walilitumia kwa mkuki uliorushwa usimpate adui. Katika Kiebrania nako, tendo la kutenda dhambi ndilo lile lile la Waamuzi 20:16, pale panapotajwa watu 700 wa Benyamini, wenye shoto, wawezao kulenga unywele kwa teo wasikose. Lakini twaona ya kuwa mfano huu hutajwa mara nyingi na watu wasiopata kutazama jinsi shabaha inavyotafutwa, na kwa hiyo hufundisha nusu tu. Basi twapenda kueleza kazi ya kulipatia shabaha gobore, yaani bunduki ishindiliwayo kwa mdomo wa mtutu, tukitangulia na maneno yake.

Bunduki ni neno la Kiarabu. Kwanza lilikuwa jina la kokwa ndogo, kisha la kidonge cha kurusha, mwisho la chombo chenyewe. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Mzinga, ambao pwani ni silaha kubwa ya ngomeni, kwa mtu wa Singida ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini lipate nyuki. Tena akilisikia jina hilo huwaza asali kwanza, wala hatuwezi kumlaumu. Kushindilia ni tendo la kukandamiza kitu kwa nguvu chombo kijae. Wasomaji watalikumbuka katika Luka 6:38, penye kipimo chema. Ufito wa kushindilia huitwa mdeki. Bunduki iwashwayo kwa jiwe la cheche ni ya gumegume, na iwashwayo kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ni ya fataki.

Katika nchi ya Wanyaturu bunduki haikuingia kwa amani. Mwezi wa Januari 1875 msafara wa Stanley ulipigana na wenyeji huko Vinyata, bunduki kwa upande mmoja, mikuki na mishale kwa upande wa pili, na watu wengi wakafa. Kisha Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, bali ukaziachia mlango zile za gumegume zenye mtutu laini. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobore kudumu vijijini wakati majeshi yalipokwisha kuliacha.

Siku hizi mambo ni mengine. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi yamtaka kila mwenye silaha awe na leseni. Magobore mengi yanayokamatwa nchini Tanzania hayana leseni. Yamefuliwa kwa siri, mengine kwa bomba la maji. Mwenye gobore la namna hii hawezi kulileta Singida Mjini, kwenye macho ya watu na askari, alijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Hulijaribu porini, peke yake, na mara nyingi jaribio la kwanza ni juu ya mnyama, au bomba lapasuka usoni pake. Miezi ya Septemba na Oktoba 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Na mkristo amwendeaye mwalimu wake kwa habari ya kitu kilichofichwa darini hana budi kupelekwa polisi akiongozwa na mtu mwenye busara, si kuambiwa akitupe ziwani Singidani.

Uwanja halali ni kitu kingine kabisa. Una mstari ambao hakuna auvukaye wakati bunduki zimeshindiliwa, una msimamizi mmoja ambaye sauti yake hutiiwa na wote, na nyuma ya ubao wa shabaha kuna tuta la udongo la kumeza risasi. Huko Friendship, katika jimbo la Indiana, Marekani, wapenzi wa bunduki hizi za kale, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1933, hukusanyika kushindana. Na kazi wanayoifanya kabla ya mashindano ndiyo tunayoieleza hapa.

Mpigaji hupima baruti kwa kikombe kimoja kisichobadilika. Ni baruti nyeusi tu. Baruti za kisasa zisizo na moshi hupasua mtutu wa namna hii. Risasi ya duara huzungushiwa kitambaa chenye mafuta, kisha husukumwa kwa mdeki hata ikae juu ya baruti pasipo nafasi katikati, kwa maana nafasi hiyo yaweza kuuvimbisha mtutu. Wenye akili huchora alama juu ya mdeki, wajue kwa jicho kwamba risasi imefika. Ndipo huweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, mkono usitikisike, na kupiga mara tatu kwa ubao ulio karibu, kama mita 25, akilenga mahali pale pale kila mara.

Sasa hutazama matundu, na hapa pana siri ya kazi yote. Matundu yakiwa yametawanyika, moja juu, moja kando, moja chini, asiguse alama za kulengea hata kidogo. Ubovu uko kwingine: kipimo cha baruti, kitambaa, masizi yaliyoganda mtutuni bila kufutwa, au mkono wake mwenyewe. Bali matundu yakikaa pamoja kama mayai kiotani, lakini mbali na kitovu cha ubao, basi mkono ni mwema na baruti ni njema. Kilichopotoka ni alama. Risasi zikienda kuume, alama ya nyuma husogezwa kushoto. Zikienda chini, alama ya mbele hukatwa kwa tupa, kidogo kidogo, maana chuma kilichokwisha kukatwa hakirudi. Ndiyo sababu mafundi huiacha alama ya mbele ndefu kupita kiasi, na bunduki mpya hupiga chini.

Bunduki ya gumegume ina jaribu lake zaidi. Kifyatuo kikivutwa, cheche huanguka, baruti ya nje huwaka mbele ya uso, na ndipo ile ya ndani hulipuka. Muda huo ni mfupi kuliko kufumba jicho, lakini watosha mwenye hofu kugeuza kichwa. Basi hufundishwa kukaa juu ya shabaha hata baada ya kuvuta.

Turudi kwenye neno kukosa. Kiswahili chalitumia kwa mambo matatu: nimekosa fedha, yaani sina, nimekosa ndege, yaani sikumpata, nimekosa mbele yako, yaani nina hatia. Mwindaji akirudi bila nyama, majirani husema amekosa, na humhurumia. Hakuna amwitaye mwovu. Kwa hiyo mwalimu asemaye tu ya kuwa dhambi ni kukosa shabaha ajue kwamba wasikilizaji wengine hurudi nyumbani na maana ya bahati mbaya. Mfano hupata nguvu ukielezwa pamoja na matundu ya ubaoni. Mtu aweza kutawanya kwa uvivu na haraka, naye huyo huonywa juu ya mkono wake. Mwingine hupiga mahali pamoja kila siku, kwa moyo wote, na bado yuko mbali na kitovu. Huyu hana habari, kwa sababu kwake yeye kila kitu kimekaa sawa, wala hawezi kujua mpaka mtu auendee ubao na kumwonyesha. Mafarisayo wa Injili walikuwa wa namna hii ya pili. Kwa wasikilizaji wanaochanganya maana, twashauri kutumia neno kukosea, kama vile kumkosea Mungu, kwa kuwa hakuna amkoseaye ndege.