Soriasisi na Sonona: Si Aibu Peke Yake

Soriasisi huleta mabaka yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti na kichwani. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huwa ya zambarau au kijivujivu, si mekundu kama yale ya picha za vitabuni, ndiyo maana wengi hupakwa dawa za fangasi kwa miezi kabla ya kumfikia daktari wa ngozi. Mgonjwa akifika amenyong'onyea, halali, hataki kuonana na watu, huambiwa ni aibu tu: ngozi ikitulia naye atachangamka.

Aibu ipo. Anayevaa mikono mirefu kwenye joto la Dar es Salaam havai kwa fasheni. Lakini aibu haielezi yote. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2010, uliofuatilia kumbukumbu za wagonjwa wapatao 150,000, ulikuta hatari ya sonona kwa wenye soriasisi imezidi ya wasio nayo kwa asilimia 39. Kwa wenye soriasisi kali, asilimia 72.

Sehemu ya jibu inatafutwa kwenye vinasaba. Katika eneo moja la kromosomu ya 6 kuna jeni nyingi zinazouongoza mfumo wa kinga, mojawapo ikiwa HLA-C, ambayo aina yake iitwayo C*06:02 ndiyo inayohusishwa zaidi na soriasisi. Eneo hilohilo limebeba ishara kubwa ya urithi wa skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ishara hiyo inatokana kwa sehemu na jeni ya C4, ambayo protini yake hushiriki kinga na pia kupunguza viunganishi vya seli za ubongo. Hizi ni jeni mbili zilizo jirani, wala ujirani huo si ushahidi kwamba ugonjwa mmoja unazaa mwingine. Sonona yenyewe haina jeni moja. Ina mamia, kila moja ikichangia kidogo sana.

Kwangu ushahidi unaoshawishi zaidi unatoka kwenye dawa. Interferoni alfa, iliyotumika miaka mingi kutibu homa ya ini aina ya C, huamsha kinga. Baadhi ya waliodungwa walipata sonona, na wengine soriasisi ikawazukia au ikazidi. Kinga ikichochewa, ngozi na ubongo vyote huweza kuathirika.

Kurithi si kuugua. Wengi wenye C*06:02 hawapati soriasisi kamwe, na hata pacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua mwenzake asiugue. Kwa hiyo sioni faida ya kukimbilia kipimo cha vinasaba. Swali la daktari wa ngozi kuhusu usingizi na mawazo ya kujidhuru lina manufaa zaidi. Naye daktari wa akili aulize kuhusu ngozi, kwa sababu lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia mseto, huweza kuwasha soriasisi. Anayeitumia akiona mabaka asiiache mwenyewe, amwone aliyemwandikia.