Bakteria Rafiki kwa Mjamzito na Anayenyonyesha
Probayotiki, yaani bakteria hai wanaoliwa ili kusaidia tumbo, humfikia mama wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, kupitia vidonge vya duka la dawa au pakiti ya mala, yaani maziwa yaliyogandishwa. Kwa kawaida bakteria hao hubaki utumboni, ni nadra kupenya hadi kwenye damu au maziwa ya mama, na tafiti hazijawahusisha na kuharibika kwa mimba. Hata hivyo, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2021 yaliona ongezeko la hatari ya preeklampsia, yaani shinikizo la juu la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, kwa wajawazito waliotumia probayotiki. Mala ya maziwa mabichi nayo huweza kubeba bakteria wa brusela, wanaoweza kuharibu mimba. Mama achague maziwa yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa, na amwulize daktari kabla ya kumeza vidonge, hasa akiwa na kinga dhaifu.