Aibu Isimfunge Mtoto Wetu



Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili wanamvizia Susana bustanini alipotaka kuoga, kisha wanamtisha: alale nao, la sivyo watamshitaki kwamba wamemfumania na kijana. Silaha yao ni aibu.

Leo silaha hiyo imeingia katika simu. Kijana wa Dodoma mjini, wa Kongwa au wa Mpwapwa, awe wa kike au wa kiume, hubembelezwa atume picha yake ya utupu, eti kuthibitisha upendo. Akiisha kuituma, si yake tena. Huonyeshwa wenzake, au hutumiwa kumtishia ili atoe fedha, picha nyingine, hata mwili wake. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watoto wapatao 200,000 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 12 hadi 17, walidhulumiwa kijinsia kwa njia ya mtandao katika mwaka mmoja.

Tuzijue dalili. Mtoto hukosa usingizi, hukataa shule, huwa mkali, hujitenga, pengine hukimbilia pombe. Wengine hufikia kutamani kufa. Tena mambo haya huzaana: mpweke mwenye huzuni hunaswa kwa urahisi, na akiisha kunaswa, huzuni yake huzidi. Kwa hiyo mzazi anayempiga tu na kumnyang'anya simu hajaponya kitu, amemfundisha kuficha.

Usafi wa moyo ni wito wetu sote, wala hatuupunguzi. Lakini tutenganishe udhaifu wa mtoto na ukatili wa anayemtisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Basi tusiipeleke picha hiyo kwa mtu mwingine, hata kwa nia ya kuonya. Tusimlipe anayetisha. Tuhifadhi ujumbe wake, tuupeleke Polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au tupige simu bila malipo namba 116.

Susana hakwenda kuhukumiwa peke yake: wazazi wake, watoto wake na jamaa zake walifuatana naye. Ndipo Danieli, angali kijana, akapaza sauti kumtetea. Wazazi na makatekista, mtoto akituambia jambo hili, neno letu la kwanza liwe: "Mwanangu, tuko pamoja nawe." Mengine yatafuata.