Kwa nini chombo cha Starliner kilirejea duniani bila wanaanga wake

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Wakazi wa Kivukoni, katika Bonde la Kilombero, wanafahamu maana ya kukabidhi maisha kwa chombo. Kwa miaka mingi safari kati ya Ifakara na Ulanga ilitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni. Leo wananchi huvuka kwa Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa Mei 2018. Hata hivyo, swali la abiria wa kivuko ndilo linalowakabili pia wahandisi wa anga za juu: je, chombo hiki kitawafikisha watu salama?

Baada ya kuacha kurusha vyombo vyake mwaka 2011, Marekani ililazimika kununua nafasi za wanaanga wake katika chombo cha Soyuz cha Urusi. Septemba 2014, Shirika la Anga za Juu la nchi hiyo (NASA) liliingia mikataba na kampuni mbili binafsi: Boeing kwa dola bilioni 4.2 na SpaceX kwa dola bilioni 2.6. Kwa kuwa bei ilikwisha kukubaliwa, gharama ya kila marudio ilikuwa mzigo wa kampuni yenyewe.

Kampuni zote mbili zilikwama. Aprili 2019 chombo cha SpaceX kililipuka kikiwa katika majaribio ya ardhini, bila mtu ndani. Chanzo kilikuwa vali iliyovujisha kemikali. Ikabadilishwa, na Mei 2020 chombo cha aina hiyo kikapeleka wanaanga wawili kwa mafanikio.

Starliner ya Boeing ilipita njia ndefu zaidi. Desemba 2019, ikiruka bila watu, saa yake ya ndani ilikosea kwa saa 11, ikatumia mafuta mengi na kushindwa kufika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Agosti 2021 vali 13 ziligoma kufunguka kutokana na kutu. Mei 2022 ilifika kituoni bila watu, lakini mwaka uliofuata zikagundulika kasoro katika viungo vya miavuli ya kutulia na katika utepe uliofungia nyaya, ambao ungeweza kushika moto.

Tarehe 5 Juni 2024 iliruka ikiwa na Butch Wilmore na Suni Williams, kwa safari ya takribani siku nane. Gesi ya heli, ambayo kazi yake ni kusukuma mafuta kwenda kwenye injini, ilivuja. Na injini ndogo 5 kati ya 28 zinazoelekeza chombo zikazimika kilipokaribia kituo. Majaribio ya ardhini yalionesha kuwa joto lilivimbisha kizibo kidogo cha tefloni na kubana njia ya mafuta.

Ugumu ni kwamba injini hizo zimo katika sehemu inayotupwa na kuungua kabla chombo hakijatua, hivyo haziwezi kukaguliwa baada ya safari. NASA, ambayo ilikwisha kupoteza wanaanga 14 katika ajali za Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003, iliamua tarehe 24 Agosti kuwa chombo kirudi kitupu. Kilitua salama Septemba. Wanaanga hao walirejea Machi 2025 kwa chombo cha SpaceX, baada ya siku 286.

Wapo watakaosema kwamba, kwa kuwa kilitua salama, uamuzi ule haukuwa na haja. Lakini uamuzi wa usalama hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, si kwa bahati iliyokuja baadaye. Kanuni hiyo ni moja angani na majini. Mwananchi anapotangaziwa kuwa chombo cha usafiri kimesitishwa kwa ukaguzi, ni vyema akumbuke kuwa safari iliyoahirishwa hupangwa tena. Maisha yaliyopotea hayarudi.