Santuri Ndogo za Afrika Mashariki na Desturi ya Kuzikusanya

Santuri ndogo, ambayo wengi huiita singo, ni sahani ya plastiki yenye kipenyo cha inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika na kubeba wimbo mmoja kila upande. Umbo hili lilianzia Marekani mwaka 1949, kampuni ya RCA Victor ilipoliingiza sokoni. Afrika Mashariki lilikuta watu wamekwisha kuizoea santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwenye santuri nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika, ambazo ziliweza kuvunjika kama kigae. Singo ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ovyo na bei yake ilikuwa nafuu. Kwa miongo mitatu hivi ndiyo iliyokuwa chombo kikuu cha muziki wa dansi, benga na taarabu.

Nairobi ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara hiyo. Humo mlikuwa na studio, mitambo ya kufyatulia santuri na wafanyabiashara wa jumla, wengi wao katika River Road na mitaa ya jirani. Charles Worrod aliendesha studio za Equator, zilizotoa nyimbo za Fadhili William na Daudi Kabaka. Mombasa, duka la Assanand & Sons lilirekodi taarabu ya pwani kwa nembo ya Mzuri. Kericho, A. P. Chandarana alihudumia wanamuziki wa magharibi mwa Kenya. Tanzania hali ilikuwa tofauti. Bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilizotoka kwenye santuri zilifyatuliwa Nairobi. Kwa hiyo santuri nyingi za bendi za Dar es Salaam, Tanga, Tabora na Morogoro zina nembo za kampuni za Kenya.

Udogo wa singo uliathiri hata utungaji. Wimbo wa dansi ukumbini ungeweza kuendelea kwa dakika kumi na zaidi, lakini upande mmoja wa santuri ulibeba dakika chache tu. Watayarishaji wakaukata wimbo vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba mashairi na kiitikio, na upande wa pili ukabeba chemko, yaani sehemu ya mwisho ambapo magitaa na tarumbeta huachiwa nafasi na wachezaji hujimwaga uwanjani. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza sahani ndipo dansi liendelee.

Kibandiko cha karatasi katikati ya sahani nacho kina mengi ya kusema. Huonyesha jina la wimbo, la bendi, la mtunzi na la kampuni, pamoja na namba ya toleo. Mara nyingi huongezwa mtindo wa bendi: Msondo kwa NUTA Jazz, Saboso kwa Western Jazz, Segere Matata kwa Tabora Jazz. Mitindo hii ilikuwa alama za ushindani, na mashabiki waligawanyika kwa mitindo kama wanavyogawanyika kwa timu za mpira. Hata hivyo kibandiko hakitoi habari zote. Mara nyingi hakimtaji mpiga solo wala mpiga besi, na wapo wanamuziki waliorekodi kwa kampuni mbalimbali wakitumia majina tofauti ya bendi. Ndiyo sababu mkusanyaji hawezi kutegemea maandishi peke yake. Humtafuta mzee aliyekuwepo, akamchezea wimbo, na mzee humtambua mpigaji kwa mcharazo wake.

Simulizi hizo ndizo zinazoipa singo uzito wa kihistoria. Mfano unaojulikana zaidi ni “Malaika”. Santuri ya Fadhili William iliupeleka wimbo huo mbali, na baadaye Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M wakaurekodi. Pamoja na hayo, Watanzania wengi wameshikilia kwamba mtunzi wake ni Adam Salim. Jina lililochapwa kwenye kibandiko ndilo linalotazamwa haki za mtunzi zinapodaiwa, na ubishi wa “Malaika” unaonyesha jinsi neno moja kwenye karatasi ndogo linavyoweza kubishaniwa kwa miongo mingi.

Singo nyingine ni kumbukumbu za maisha ya kila siku. “Lunch Time” ya Gabriel Omolo, iliyovuma Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, inawasimulia wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana, walio na fedha na wasio nazo. Iliuzwa kwa wingi hata mtunzi wake akatunukiwa santuri ya dhahabu. Joseph Kamaru aliimba kwa Kikuyu kuhusu kifo cha J. M. Kariuki, mbunge aliyeuawa Machi 1975, na hivyo santuri ikafanya kazi ya kutangaza na kuomboleza kwa pamoja.

Katika benga ya Wajaluo, santuri ilibeba mila iliyokuwepo kabla yake. Kwenye sherehe zao, mtu huweza kutoa fedha ili muziki usimamishwe, ajisifu au amsifu rafiki kwa majina ya heshima. Desturi hiyo huitwa pakruok. Studio haikuiua. Nyimbo nyingi za benga zina msururu wa majina ya wafadhili, wake zao na vijiji vyao, na familia zilizotajwa huzihifadhi santuri hizo kama sehemu ya historia ya ukoo. Benga hiyohiyo ilivuka mipaka. Santuri zilizotolewa na Phares Oluoch Kanindo zilifika Zimbabwe, ambako mashabiki waliuita muziki huo kanindo, na nembo yake ya Sungura ikaupa mtindo mashuhuri wa nchi hiyo jina linalotumika hadi leo.

Siasa nazo ziliacha alama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na biashara ya santuri ikayumba. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyepata umaarufu na Morogoro Jazz kabla ya kuongoza Super Volcano, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Singo zake zilizotoka Kenya, ukiwemo wimbo “Shida”, zimebaki miongoni mwa zinazotafutwa sana.

Kanda za kaseti ndizo zilizoimaliza singo. Kaseti ilibeba nyimbo nyingi, ilichezwa kwenye redio ya betri, na yeyote aliweza kuinakili. Wizi wa kazi za wasanii ulishamiri katika miaka ya 1980, mauzo ya santuri yakaporomoka, na kufikia miaka ya 1990 zama za singo zilikuwa zimekwisha. Akiba ikabaki majumbani, katika baa, katika maktaba za redio na katika maduka machache. Melodica, duka lililofunguliwa mwaka 1971 katika barabara ya Tom Mboya, Nairobi, ni miongoni mwa yaliyohifadhi shehena za zamani, na katika soko la Kenyatta mnunuzi hukuta santuri zilizotumika.

Ununuzi una utaratibu wake. Sahani hushikwa kwa kingo, haiguswi usoni. Mnunuzi huiinamisha kwenye mwanga: weusi unaong’aa ni dalili njema, na rangi ya kijivu ni ishara kwamba sindano chakavu imekwisha kuila mifereji. Mkwaruzo hupimwa kwa kupitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama, sindano nayo itaruka. Kisha muuzaji huicheza mbele ya mnunuzi, pande zote mbili, ndipo bei izungumzwe. Kasoro za nje si lazima zishushe thamani. Jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu, au mhuri wa baa ya mji mdogo, humwonyesha mkusanyaji santuri ilikopita na watu walioichezea. Nyumbani sahani huoshwa kwa maji safi na sabuni laini bila kulowesha kibandiko, hukaushwa kwa kitambaa laini, na husimamishwa wima mbali na jua, kwa kuwa joto huikunja. Pwani, unyevu huleta ukungu, na ganda la karatasi hubadilishwa mara kwa mara.

Kazi ya wakusanyaji imewanufaisha hata wasiomiliki santuri. Mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa umerudisha taarabu ya Mombasa na dansi la Dar es Salaam masikioni mwa wasikilizaji wapya, na taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi imekusanya nyimbo na mahojiano ya wazee wa benga. Lakini santuri nyingi bora zimenunuliwa na wageni na kusafirishwa ng’ambo, mara nyingine bila jina la mwanamuziki wala la mji zilikotoka. Sahani ya namna hiyo hubaki na sauti tu. Kwa hiyo mkusanyaji makini huandika alikoipata, nani aliyekuwa nayo na wazee wamesema nini juu yake, hutengeneza nakala ya kidijitali, na huihifadhi pamoja na maelezo hayo. Akitaka kuitoa upya kwa umma, huwatafuta kwanza mtunzi au warithi wake, wapate jina na malipo yao.